Mashimo ya Pumzi

Fundi viatu alikuwa na sindano mdomoni na soli ya mtu mapajani, pale spika ya getini ilipoanza kuimba kwa sauti ya marehemu mkewe.

Kiwanda cha mashati kilikuwa ng'ambo ya barabara. Yeye na kibanda chake walikuwa wamekitazama miaka nenda miaka rudi kama paka anavyomtazama mbwa: hampendi, hamwamini, na hahami. Humo ndani mkewe alishona mpaka vumbi la pamba likamjaa kifuani, na humo humo aliongoza kwaya ya wafanyakazi. Wenzake walimwita Mama Kengele. Sasa ameshazikwa, na spika inamwimbisha: kiwanda chetu, mlezi wetu.

Fundi viatu alisikiliza ubeti mzima, kisha akatoa sindano mdomoni.

"Huyu siye."

Mteja wake, aliyekaa na mguu mmoja wa soksi, akacheka. "Siye nani tena? Mtaa mzima unaijua hiyo sauti."

"Sauti ndiyo. Mtu siye. Huyu hapumui."

Kweli tupu. Mama Kengele wa siku za mwisho alivuta pumzi kabla ya kila mstari kama mtu anayeburuta kabati sakafuni, na mstari ukiisha, kikohozi kidogo, amekifunika kwa kiganja kama anayeomba radhi. Mumewe alilala na pumzi ile kitanda kimoja. Alijua ikiburuta hivi ni mvua inakuja, ikiburuta vile ni kukesha. Hii ya spikani ilikuwa sauti iliyopigwa pasi.

Akamrudishia mteja kiatu kikiwa nusu. "Kivae hivyo hivyo. Wengine tunaishi nusu na tunatembea."

Studio iliyorekodi wimbo ule ilikuwa chumba nyuma ya duka la simu, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirukeruke. Fundi mitambo, bwana mnene mwenye hedifoni shingoni, alikuwa akila karanga juu ya kompyuta.

"Mmeiba pumzi za mke wangu," fundi viatu alisema, hata hodi hakupiga.

"Karibu kwanza, mzee. Kaa. Pumzi gani?"

Alipoelezwa, aliacha kutafuna. Akageuza kioo cha kompyuta. Sauti ya Mama Kengele ilikuwa imechorwa pale kama safu ya vilima, na juu ya vilima ulipita mstari mwembamba wenye vinukta.

"Huu mstari ndio unaoamuru. Ukipanda, sauti inapanda. Ukishuka, inashuka. Mimi nachora mara moja tu, mashine inaufuata yenyewe mpaka wimbo uishe."

Fundi viatu akasogeza uso. Kabla ya kila kilima, mstari ulitumbukia, ukatoka, ukaenda kidogo, ukatumbukia tena.

"Na haya mashimo?"

"Hapo ndipo anapovuta pumzi. Na anapo... anapokohoa. Lakini sikumkata, mzee. Nimemshusha tu."

"Kumshusha tulishamshusha sisi, kwa kamba, watu wanaangalia. Nani kakutuma umshushe mara ya pili?"

Fundi mitambo akakuna kidevu. "Ofisi."

Ofisi! Neno hilo alilijua kuliko jina lake. Ofisi ndiyo iliyosema vitambaa vya kufunika pua viko njiani. Ofisi ndiyo iliyosema madirisha yafungwe, upepo unachafua mashati. Ofisi haina pua, haina kifua, ndiyo maana haifi.

Mbele ya kompyuta palikuwa na ubao wenye vitelezi, vile vya kusukuma juu sauti ikakua na kuvuta chini ikafifia. Kimoja kilibandikwa jina: Mama Kengele. Fundi mitambo alipoupiga wimbo, kitelezi kile kikaanza kupanda na kushuka chenyewe, hakuna mkono. Fundi viatu akakiangalia kikizama kwenye shimo la kwanza. Shimo la pili lilipokaribia, akakishika, akakisukuma juu.

Kabati likaburutwa. Pale pale, chumbani, kama yuko nyuma ya mlango.

Akakiachia. Kitelezi kikateleza chini, na chumba kikanyamaza.

"Kimerudi!"

"Lazima kirudi, mzee. Ukikishika kinakutii, ukikiachia kinafuata kilichoandikwa."

"Kumbe na hiki kimeajiriwa kiwandani."

Fundi mitambo hakucheka, maana mlangoni alikuwa amesimama afisa utumishi wa kiwanda, amekuja kuchukua nakala ya mwisho ya wimbo, ya kupigwa kwenye sherehe ya kiwanda. Alivaa tai, na viatu ambavyo fundi viatu alivitambua. Kisigino cha kulia alikigongelea yeye.

"Ah, mzee wetu! Pole tena na msiba."

"Pole zako zimeshapoa. Rudisheni pumzi za mke wangu."

Afisa akaelewa upesi, watu wa aina yake huelewa upesi pasipo na faida. "Mzee wangu, sherehe ina wageni. Wanunuzi wa mashati. Huwezi kumpigia mgeni kikohozi, atadhani..."

"Atadhani nini?"

Afisa akaziangalia trei za mayai. "Atadhani rekodi mbovu."

"Mbona unaujibu ukuta? Sema tu atadhani shati lina kifua."

Afisa akatabasamu kwa meno bila macho. "Tusifike huko. Tufanye kiutu. Fundi, mtolee mzee wimbo wake, uondoe huo mstari, pumzi zote ziwemo. Akasikilize nyumbani kwake kwa raha zake. Wa sherehe ubaki ulivyo. Si kila mtu kapata?"

Flashi ikatua kwenye kiganja cha fundi viatu, ndogo kama ukucha. Ndiyo aliyoijia. Vidole vilianza kuikunjia. Angefunga mlango, angezima taa, kabati lingeburutwa mpaka usingizi uje.

Kisha akaiweka mezani, kati ya maganda ya karanga.

"Mimi nilizisikia. Msiozisikia ni nyinyi. Nikiichukua hii, kesho mtasema mzee ameridhika."

"Usiwe mkaidi, baba. Hutaipata tena."

"Hata yeye sitampata tena."

Afisa akaiokota, akaitia mfukoni kama mtu anayezoa chenji yake. "Fundi, na humo kwenye mashine safisha. Ubaki ule mmoja."

Siku ya sherehe fundi viatu alikuwa kibandani, amekunja uso. Mwanamke aliyekaa cherehani ya jirani na Mama Kengele akampungia mkono kutoka getini. "Shemeji, njoo bwana! Leo geti wazi, hata mbwa wanaingia."

Akaenda, akasimama nyuma ya wote. Wageni walikuwa chini ya turubai, wafanyakazi juani na sare mpya. Meneja alisema neno "familia" mpaka likachakaa. Kisha fundi mitambo, aliyekuwa na ubao wake wa vitelezi kando ya spika, akaupiga wimbo. Ubeti wa kwanza Mama Kengele anaimba peke yake, bila kinanda, bila waitikiaji.

Shimo la kwanza likafika. Kimya. Na katika kimya kile, shemeji yake akakohoa, akajifunika kwa kiganja.

Shimo la pili, wakakohoa wawili wa safu ya nyuma. La tatu, safu nzima. Hakuna aliyepanga, ushujaa huo wangeutoa wapi? Walikuwa wakijizuia mpaka macho yanatoka. Lakini kikohozi ni kama kicheko msibani, ukikizuia kinaita nduguze. Na mashimo yalikuwa yamechimbwa kwa kipimo chake.

Wageni wakageuka. Fundi viatu hakufurahi. Alivitambua vikohozi vile kimoja kimoja: hiki bado ni cha mvua, kile kimeshafika kwenye kukesha. Cha shemeji yake kilikuwa kimeshaanza kuburuta kabati.

Meneja akamnong'oneza afisa. Afisa akampungia fundi mitambo kiganja, shusha, shusha. Fundi mitambo akaviinamia vitelezi vyake jasho likimtoka, akagusa hiki, akagusa kile. Cha Mama Kengele kilikuwa chini tayari, na hakujua amshushe nani.