Mpishi wa Kigiriki Harusini Lyamkena

Noela Mwalongo alipopata nafasi ya kusoma Kigiriki cha kale chuo kikuu, pale Njombe mjini, baba yake hakungoja maelezo. Mzee Ezekieli alikuwa mzee wa kanisa huko Lyamkena, Makambako, na muuza mbao mwenye sauti ya kusimamisha lori. Alichojua yeye ni kimoja tu: wanaosoma Kigiriki ni wachungaji. Basi Jumapili ileile, wakati wa matangazo, alisimama akawashukuru washarika kwa maombi yao, kwa kuwa nyumba yake sasa ingetoa mchungaji, tena wa kike. Akina mama wakapiga vigelegele. Noela, aliyekuwa ameketi na wanakwaya wenzake, akainama akatazama viatu vyake.

Si kwamba hakujaribu kumweleza. Likizo ya kwanza alimfuata kiwandani, akamkuta anapanga mbao kwa mafungu.

"Baba, mimi sisomi theolojia. Nasoma fasihi. Mashairi, tenzi, michezo ya kuigiza ya Wagiriki wa zamani."

"Vizuri sana, mama," alijibu mzee, akipuliza vumbi la mbao mikononi. "Mchungaji lazima ajue na mambo ya mataifa."

Likizo ya pili alijaribu tena, safari hii mezani. Mzee akamwambia ale kwanza, amekonda kwa kusoma. Baada ya hapo Noela akaliacha jambo lenyewe. Baba yake alikuwa na furaha, na ni nani anayependa kuwa wa kwanza kumpunguzia baba yake furaha?

Na yeye mwenyewe alikuwa na furaha yake. Darasa lao lilikuwa dogo, lenye wanafunzi wachache kiasi cha kuenea kwenye mabenchi mawili, na asubuhi ukungu uliingia dirishani kana kwamba nao umejiandikisha. Mwalimu Fidelia alifundisha akiwa amevaa koti zito na kofia ya sufu, chupa ya chai mkononi. Mwezi wa kwanza walihangaika na herufi. Mwezi wa pili vikaja vitenzi, na vitenzi vya Kigiriki vina mikia mirefu, vinabadilika mbele na nyuma, tena jambo lililopita lina namna kadhaa za kusemwa. Wanafunzi wakaanza kulalamika.

"Noela, wewe Mbena," alisema Mwalimu Fidelia. "Bibi yako akisimulia kwa Kibena jambo la leo asubuhi na jambo la zamani, vitenzi vyake vinafanana?"

"Havifanani, mwalimu."

"Uliwahi kumlalamikia?"

Darasa likacheka. Tangu siku ile Noela hakukiogopa tena kitenzi chochote. Alianza kuona kwamba yale maneno yaliyokuwa yamelala kwenye karatasi yalikuwa yametoka vinywani mwa watu: watu wenye njaa, wenye wivu, wenye majirani wasumbufu. Akawa anaamka alfajiri kwa hiari yake, akijifunika blanketi mbili, ili tu ajue mhusika fulani atamjibu nini mkewe.

Mwaka wa tatu walisoma komedi moja ya kale. Ndani yake mlikuwa na mpishi aliyekodiwa kupika nguruwe harusini. Wageni wamefika, moto haujawashwa, naye amesimama mbele ya mwenye nyumba anajisifu: hakuna mpishi kama yeye, samaki wake hufumbua macho kwa raha, mkate wake huimba, na nguruwe wake aliyepakwa asali amewahi kupatanisha miji miwili iliyokuwa vitani. Mwalimu Fidelia aliwataka wayashike maneno hayo kichwani.

"Hayakuandikwa yasomwe kimya," alisema. "Yaliandikwa yatoke mdomoni, mbele ya watu wanaotafuna na kupiga kelele."

Noela akayashika yote. Aliyasema akifua, akichota maji, akipanda mlima kurudi bweni. Sila, mwanafunzi mwenzake kutoka Bulongwa, aliigiza mwenye nyumba, na kazi yake ilikuwa kuingiza neno moja moja la kuulizia chakula.

Desemba ilipofika, Danford, kaka yake Noela, akaoa. Sherehe ilifanyika nyumbani Lyamkena chini ya maturubai, na Sila naye alialikwa. Kanisani mambo yalikwenda vizuri. Lakini walipotoka, mvua ikashuka. Ikanyesha ikalowesha kuni zote, na nyuma ya nyumba mama Jane, mpishi mkuu, akawa anabishana na moshi. Kisha umeme ukakatika. Muziki ukafa. Mshereheshaji, ambaye kazi yake yote ilikuwa ndani ya kipaza sauti, akaketi akaanza kuchezea tai yake.

Wageni walikaa. Walitazamana, wakatazama mvua, wakatazama tena upande wa jikoni. Watoto wakaanza kulia. Upande wa bibi harusi, watu waliotoka Kifanya tangu alfajiri, pakaanza minong'ono. Mzee Ezekieli aliisikia, na aibu ikampanda. Akasimama. Yeye hakuhitaji umeme.

"Ndugu zangu, Bwana Yesu asifiwe!"

"Amina!"

"Chakula kinakuja. Tumbo lisubiri kidogo, roho ilishwe kwanza. Wote mnajua binti yangu Noela yuko chuo, anasomea uchungaji. Leo, mbele ya Baba Mchungaji Hosea, atatupa Neno kwa Kigiriki chenyewe. Karibu, mama!"

Makofi yakalia. Simu yake ilikuwa imezima kwa kupiga picha kanisani. Mwaka wa kwanza walipitia mistari michache ya Maandiko, lakini alipoitafuta kichwani hakuuona hata mmoja. Akamtazama baba yake. Mzee alikuwa amesimama wima ndani ya suti mpya, uso umejaa tumaini, kama mtu anayengoja kufungua mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kukataa hakuwezekani. Na Kigiriki alichokuwa nacho kichwani, kilichonyooka mwanzo hadi mwisho, kilikuwa kimoja tu.

Akashusha pumzi, akaanza.

Sauti yake ilitetemeka mistari miwili, kisha mdundo wa shairi ukaibeba. Maneno yakaanza kushuka vizuri, moja likimsukuma mwenzake. Watu wakanyamaza. Bibi mmoja akafumba macho. Noela alipotua kuvuta pumzi, mtu wa nyuma akaitikia, "Amina!" na wengine wakafuata. Kwenye meza ya vijana, Sila alikuwa ameutambua mstari wa kwanza. Alichukua kitambaa cha mezani akajifunika uso.

Mchungaji Hosea alikuwa amesoma Kigiriki chuoni, miaka mingi iliyopita, na kingi kilikuwa kimemtoka. Lakini masikio yake yalinasa neno moja: *ikhthys*, samaki. Baadaye kidogo akanasa *artos*, mkate. Uso ukamng'aa. Akamwinamia Mzee Ezekieli.

"Mikate na samaki," alinong'ona. "Amechagua vizuri. Watu wana njaa."

Mzee akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga.

Kisha likaja neno *khoiros*. Mchungaji akakunja uso. Nguruwe? Labda wale wa Injili waliotelemka ziwani, aliwaza, ingawa hao wako mahali pengine. Likaja tena, na safari hii limeongozana na neno la asali. Nguruwe, asali, moto. Mchungaji akaanza kuunganisha. Ghafla mabega yake yakaanza kutikisika. Akatoa leso akajiziba mdomo. Machozi yakamtiririka.

"Baba Mchungaji, umeguswa?" Mzee Ezekieli aliuliza kwa upole.

"Nimeguswa, mzee," alisema Mchungaji kwa shida. "Nimeguswa sana."

Noela akamaliza. "Amina!" ikatikisa maturubai. Ndipo Mchungaji Hosea akasimama, akajipangusa macho.

"Binti, hebu rudia pale pa nguruwe."

Noela akajua mchezo umekwisha. Akashika mikono yake kifuani.

"Baba, Baba Mchungaji, naombeni mnisamehe," alisema. "Hayo si Maandiko. Ni mchezo wa kuchekesha wa Wagiriki wa kale. Huyo anayesema ni mpishi. Yuko harusini, wageni wana njaa, moto haujawaka, na yeye anajisifu tu. Ndicho Kigiriki nilichokuwa nacho kichwani. Na mimi sisomei uchungaji. Nasoma fasihi."

Watu wote wakamtazama Mzee Ezekieli, na Mzee Ezekieli alikuwa akiitazama meza. Ni Mchungaji aliyeokoa hali.

"Sasa mpishi mwenyewe alisemaje? Tuambie kwa Kiswahili! Mnataka tukae tunaangalia mvua?"

"Aseme!" wakaitika watu wa Kifanya.

Sila akaja mbele bila kuitwa, akasimama kama mwenye nyumba, mikono kiunoni. Noela akaanza upya, kwa Kiswahili, akichanganya na Kibena pale mpishi alipozidisha majivuno. Akawaambia kuhusu samaki anayefumbua macho kwa raha. Akawaambia kuhusu mkate unaoimba. Kila alipotua, Sila aliuliza kwa unyonge, "Na chakula?" na kila mara mpishi alimkatisha, "Chakula ni jambo dogo, ngoja kwanza nikwambie habari zangu!" Vicheko vilianza nyuma vikaja mbele. Alipofika kwa nguruwe wa asali aliyepatanisha miji miwili, mjomba wa bibi harusi alikuwa amemwangukia begani mtu asiyemjua.

Kelele zile zikamtoa mama Jane jikoni, macho mekundu kwa moshi, mwiko mkononi.

"Nani huyo anawasema wapishi?"

"Si wewe, mama!" Noela alisema. "Ni wa zamani sana, wa Ugiriki."

"Huko nako kuni zilikuwa mbichi?"

"Hakusema, mama. Alijisifu tu."

"Basi mwambieni mwenzake ameshapakua!"

Na kweli pilau ilikuwa tayari. Watu wakala wakicheka, na kila mtoto aliyepita na sahani aliulizwa, "Na chakula?"

Jioni, maturubai yakikunjwa, Noela alimkuta baba yake ameketi peke yake juu ya rundo la mbao. Hakuwa amecheka mchana wote. Noela akakaa pembeni yake.

"Kwa nini hukuniambia?" mzee aliuliza.

"Nilikuambia, baba. Nilikufuata kiwandani. Nikakuambia tena mezani."

Mzee akatafakari. Alikuwa mtu wa haki, hata haki ilipomuumiza.

"Kweli uliniambia," alisema mwishowe. "Niliona raha sana kuwaambia watu. Nikajaza masikio yangu mwenyewe."

"Umekasirika?"

"Niliaibika. Halafu Mchungaji akaja hapa. Anasema chuoni Kigiriki kilimtoa jasho, mtihani aliurudia. Anasema leo ndiyo mara ya kwanza kumchekesha." Akamgeukia bintiye. "Hivi wale watu, zamani hizo, kweli walikuwa wanakaa wanacheka mambo ya wapishi?"

"Walikuwa wanacheka mpaka wanaanguka, baba."

"Mh," alisema mzee, na pembe ya mdomo wake ikacheza. "Samaki anafumbua macho."

Akaanza kucheka polepole, halafu kwa nguvu, hadi waliokuwa wakikunja maturubai wakasimama kumtazama. Jumapili iliyofuata aliwaambia washarika kwamba maombi yao kwa ajili ya Noela yaendelee, yabadilishiwe barabara tu.

Januari chuo kilifunguliwa. Asubuhi moja, wakati wa mapumziko ya chai, simu ya Noela iliita. Alikuwa baba yake, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wakibishana.

"Noela, hawa wateja hawataki kupakia mbao. Tunabishana. Yule nguruwe wa harusini, mwishowe aliungua au hakuungua?"

Noela akacheka. "Hatujui, baba. Kurasa za mwisho zilipotea."

"Zilipotea? Lini?"

"Miaka elfu na zaidi iliyopita."

Akamsikia baba yake akiwatangazia, "Zimepotea!" na mtu akijibu, "Basi aliungua." Mzee akarudi kwenye simu kwa ukali.

"Hakuungua! Mwenye nyumba alichoka kungoja, akaingia jikoni mwenyewe. Mpishi akabaki nje anaongea na mbwa. Andika hivyo!"

Mwalimu Fidelia, aliyekuwa akimimina chai, alikuwa amesikia kila neno. Sauti ya Mzee Ezekieli haikuhitaji spika. Akaweka chupa chini, akachukua chaki.

"Haya, kaeni," aliwaambia wanafunzi. "Mwenye nyumba akaingia jikoni mwenyewe. Kwa Kigiriki. Sila, tupe kitenzi. Na wewe Noela usikate simu, muulize mzee: huyo mbwa alikuwa dume au jike, maana tutahitaji kujua."