Asumini Ndani ya Ndoo

Mama alikuwa aking'oa vinka zilizochanua. Alizishika shingoni, akazivuta pamoja na mizizi yake, akakung'uta mchanga, kisha akazilaza ndani ya karai kichwa kwa kichwa, kama maiti wa ajali wanaosubiri jamaa zao. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika kutoka shule ya bweni. Nilitua sanduku langu la bati, nikaweka mkono kifuani.

"Tumekusanyika hapa," nilisema kwa sauti ya mwalimu wetu wa dini, "kuwaaga wenzetu waliotutoka wakiwa bado wabichi."

"Randu," mama alisema bila kuinua kichwa, "umeanza mazishi kabla ya salamu?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Haya, lete maji."

Vinka ni ua lisilojua kufa. Katika mchanga huu wa Munje, hata upepo wa chumvi huliongezea afya tu, na ukiliacha litakuchanulia mwaka hadi mwaka. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake. Nyumba tuliyoishi ilikuwa yetu, lakini ardhi iliyoibeba haikuwa yetu. Baba alipofariki, Mzee Mbwana alimkaribisha mama kwenye shamba lake kwa maneno machache: jenga, lima, panda chochote kinachokwisha na msimu, ila usipande kinachodumu. Kwetu pwani mti ni neno lililotiwa ardhini. Leo unapanda mnazi, kesho mwanao anasimama chini yake na kusema hapa ni kwetu, na mnazi unamshuhudia.

Mama aliutii mwiko huo kama mwanafunzi anayewinda ukiranja. Hakupanda hata mpapai. Alichagua zinia, kosmosi, alizeti fupi na upanga wa jogoo, maua yanayokuja, yakacheka, yakaondoka. Mbegu alizitoa kwenye vichwa vilivyokauka katika bustani za hoteli ya Diani alikosafisha vyumba, akarudi nazo mfukoni mwa aproni. Zinia alizipanda mahali pale pale zitakapokulia, maana zinia haipendi kuhamishwa, ukiihamisha hununa. Ua likianza kuzeeka alilikata, ili mmea udhani haujapata mtoto, nao uchanue tena.

"Huo ni utapeli, mama," nilimwambia siku moja.

"Ni malezi," alinijibu. "Nawe ungekatwa kidogo ungechanua."

Kitu kimoja tu katika ua wetu kilidumu, nacho kilikuwa ndani ya ndoo. Bi Mwero, mjane wa Mzee Mbwana, alimpa mama kijiti cha asumini siku ya matanga ya mumewe. Mama alikigeuzageuza mkononi hadi kikaanza kunyauka, kisha akakipanda kwenye ndoo kuukuu ya plastiki, akaiweka ukutani penye kivuli. Ndoo si ardhi, alisema. Ndoo hubebwa. Nadhani mtu aliyeishi maisha ya msimu kwa msimu hutamani kitu kimoja kitakachomtambua mwakani. Jioni aliifuata asumini ile kabla ya kunifuata mimi, na wala sikuona wivu. Ilinukia vizuri kuliko mimi.

Likizo hiyo nilimkuta mama na furaha asiyoizoea. Feisal, mwana wa marehemu Mzee Mbwana, alikuwa amepata mnunuzi wa upande wa shamba unaoelekea baharini. Aliahidi kwamba kila mpangaji aliyelinda agano la baba yake angepewa kipande nyuma, karibu na barabara, pamoja na hati yenye jina lake. Aliyelivunja angechukua paa lake na kwenda zake. Boga, msimamizi wa shamba, angepita ua kwa ua kukagua. Ndiyo maana vinka zilikuwa karaini.

"Kule nitapanda mlangilangi mlangoni," mama aliniambia usiku tukila, "na kilua dirishani. Na asumini itatoka ndooni, iguse ardhi."

Alisema neno hilo, ardhi, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Boga alikuja asubuhi iliyofuata. Alikuwa mtu mpole mwenye goti bovu, na kila hatua aliipigia hesabu.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, kaka Boga," mama alisema.

"Shikamoo ami Boga," nami nikasema.

"Marahaba. Kumbe mtundu umefunga shule? Basi leo sinusi kitu hapa."

Likizo iliyotangulia nilikuwa nimechomeka waridi za plastiki katikati ya zinia. Boga aliinama, akanusa kwa muda mrefu, akamshukuru Mola kwa uumbaji wake.

"Ami, yale ndiyo maua pekee ya kudumu ambayo agano halikuyakataza."

"Agano halikukataza viboko pia."

Alikagua. Alivuta upanga wa jogoo, ukatoka na vijizizi vyake vyembamba kama ndevu za mbuzi. Akauliza hizi, mama akajibu za msimu. Akauliza na hizi, mama akajibu za msimu, kaka. Boga akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Mama Randu, wangekuwa kama wewe wote, mimi nisingekuwa na kazi. Wewe nitakutaja wa kwanza." Akafuta jasho. "Hebu kijana, sogeza ile ndoo niweke kigoda. Goti hili linadai kivuli."

Mama alikuwa ameingia ndani kuleta chai. Niliishika ndoo, nikavuta. Haikutikisika.

"Mheshimiwa," nikatangaza, "ndoo imegoma."

Boga alicheka. Akaushika mkono wa ndoo mwenyewe, akavuta, ukachomoka. Kicheko chake kikapungua kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta. Alipiga goti lake zima kwa shida, akachimba mchanga kwa vidole. Chini ndoo ilikuwa imepasuka, na kwenye ufa ule mizizi ilikuwa imeteremka, minene kama kidole gumba, ikatokomea ndani ya shamba la Feisal.

Nilipogeuka, mama alikuwa mlangoni na kikombe mkononi.

"Mama Randu," Boga alisema. "Hii si ndoo tena."

"Sikuipanda, kaka. Imejipanda."

"Najua."

"Bi Mwero mwenyewe alinipa kijiti."

"Bi Mwero alikupa kijiti. Hakukupa shamba."

Hakusema kwa ukali, na heri angesema kwa ukali. Alitoa simu, akapiga picha kama alivyoagizwa, akaituma kwa Feisal. Kisha, kama aliyeshtushwa na kidole chake mwenyewe, akasema haraka, "Ikate. Ikate sasa hivi, nipige nyingine. Nitamwambia umesharekebisha."

Mama aliweka kikombe juu ya kigoda, akaingia ndani kuchukua panga. Mimi, niliyewahi kuiziba filimbi ya mwalimu wa zamu kwa ubani wa kutafuna, kisha nikatoa risala ya rambirambi kwa ajili ya filimbi hiyo, nilitafuta neno. Nililitafuta kila mahali.

Hakukata mara moja. Alichuma kwanza vile vitumba vilivyokuwa karibu kufunguka, kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la leso yake. Kisha akainama, akaikata mizizi chini ya ndoo. Panga halikuwa kali, ikambidi arudie, na tena. Ua wote ukajaa harufu, nzito kuliko ya jioni yoyote.

Boga alipiga picha ya pili, akatuma. Tulisimama watatu tukiitazama simu. Alama mbili zikageuka buluu. Jibu likaja. Boga alilisoma, akalisoma tena, kisha akamkabidhi mama simu.

Mzizi uliokatwa ulikuwa mzizi. Wahame mwisho wa mwezi.

Mama alimrudishia simu kwa mikono miwili.

"Ahsante, kaka Boga," alisema. "Chai yako inapoa."

Boga aliondoka bila kuinywa.

Tulipata chumba Ukunda, nyumba yenye ua wa saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Mama alikwenda kukitazama, akarudi, akasema tu kwamba paa halivuji. Vitumba vile vilikuwa vimefunguka ndani ya leso, vikawa vya kahawia; hakuvitupa. Nilijaribu kumchekesha. Niliuigiza ukuta wa Ukunda ukijitambulisha kwa majirani. Alitabasamu kwa heshima, kama mgeni anavyotabasamu kwa mtoto wa watu, nami nikaelewa kwamba mzaha nao una msimu wake.

Asubuhi ya kuhama ilinyesha kidogo. Nilikwenda kuitupa ndoo pamoja na asumini iliyokauka ndani yake. Safari hii ilinyanyuka kwa mkono mmoja, nyepesi hata nikapepesuka. Chini yake palibaki shimo, na ndani ya shimo kisiki cha mzizi, kimekatwa vibaya. Ubavuni mwake palikuwa na kijicho cha kijani, kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti.

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Nilitoa kopo la mbegu kwenye mzigo, nikafukia kisiki, nikasawazisha udongo kwa kiganja kama nilivyomwona mama akifanya, nikamwaga mbegu juu yake.

"Randu! Gari limefika. Wafanya nini huko?"

"Namalizia, mama."

"Wamalizia nini?"

"Zinia."

Nilisikia mvua ikigonga sufuria zetu zilizopangwa nje.

"Usizifukie sana," alisema hatimaye. "Zinia haitaki kina."

Nikapunguza udongo wa juu kwa vidole. Wa chini nikauacha.