Hodi Kwenye Ndoo Nyekundu

Saa moja na robo asubuhi Mama Ndoo alikuwa ameshapiga deki ukumbi wa maabara, ameshasuuza matambara mawili na kuyaanika kwenye chuma cha dirisha. Sasa alikuwa amevaa glavu zake nene, anafunga mfuko wa ndoo nyekundu, ile ya taka za damu, aupeleke kwenye tanuri. Ilikuwa Jumanne. Ndani ya mfuko kichupa kimoja kikagonga wenzake mara tatu, kwa adabu, kisha kikasema, "Hodi."

"Karibu," akaitika Mama Ndoo. Alilelewa hivyo. Hodi haiachwi hewani, hata kama mikono ina kazi.

Hakuingia mtu. Kichupa kilinyamaza kidogo, kama mgeni aliyeambiwa asubiri uani, kisha kikabisha tena. Akaufungua mfuko, akakitafuta kwa kidole mpaka akakipata. Kilikuwa na joto, na vingine vyote vilikuwa vimeshapoa. Shule yake iliishia darasa la saba lakini namba alizisoma vizuri, na hii ya kwenye kichupa aliisoma mara moja tu: mia nne na kumi na saba. Namba hiyo alikuwa akiibeba mkobani kwa miaka ishirini na sita, kwenye kadi ya kliniki ya mwanawe.

Mwanawe alikuwa fundi wa kuandika vibao vya maduka. Aliichagua kazi hiyo kwa kuwa brashi haikati. Alizaliwa na damu isiyoganda, maradhi ambayo mama humpa mtoto wa kiume huku yeye mwenyewe akiwa mzima, na Mama Ndoo alimpa kama alivyompa pua. Alipofika miaka minne wakaanza kumchoma dawa ya kugandisha damu. Dawa yenyewe ilitengenezwa kwa damu ya maelfu ya watu wasiojuana, ikachanganywa pipa moja, na kati ya hao maelfu alikuwamo mwenye homa ya ini. Waliochanganya walijua mapema kidogo kuliko waliochomwa. Mapema kidogo ilikuwa miaka mitatu.

Baadaye sana vikaja vidonge vya kuiua homa hiyo. Kimoja kila siku, siku themanini na nne. Watu kumi na mmoja wa kliniki ile waliokuwa bado hai wakavimeza, wakapimwa, wote wakaambiwa damu zao ni safi. Kipimo cha mwisho kilifanywa Jumatatu. Ijumaa majalada yao yangefungwa yapelekwe stoo, na mtu ambaye jalada lake liko stoo hapimwi tena ini wala hapewi vidonge vingine.

Mama Ndoo akahesabu kwa vidole vya glavu. Alikuwa na siku tatu. Akaenda na kichupa chake kwa mpimaji.

"Mama, ndoo yako leo ina wageni," mpimaji akasema kabla hajaulizwa. Alikuwa akifuta miwani.

"Kumbe umesikia?"

"Tangu jana jioni. Cha yule mwalimu wa hesabu nacho kinabisha, ila chake kina kikohozi."

"Na hukuandika?"

"Niandike wapi?" Akamsogezea fomu. Ilikuwa na visanduku viwili vya kirusi cha homa ya ini: KIPO, HAKIPO. "Mashine inaizungusha damu mpaka inajitenga. Juu maji ya manjano, chini nyekundu. Fomu inauliza habari za maji. Nimeyapima mara mbili, ni safi kama ya mvua."

"Na hii nyekundu?"

"Nyekundu ni taka, mama. Taka ni idara yako."

Hakusema kwa ubaya. Hata alimpa pamba ya kukifungia kichupa kisipoe, akageuza uso ili aweze kuapa kwamba hakuona kikitoka.

Jumatano mchana alimkuta mwanawe mbele ya famasi moja, amekaa kwenye ndoo ya rangi iliyogeuzwa. Juu ya mlango alikuwa ameandika DUKA LA DAW, na herufi ya mwisho alikuwa anaipumzikia. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba kama kawaida yake.

Mama Ndoo akaifungua pamba. Kichupa kikabisha.

"Huyo namjua," mwanawe akasema. "Nikilalia ubavu wa kulia namsikia. Ni tangu wiki niliyomaliza vidonge."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Mambo yangu huwa unayajua kabla yangu." Akachovya brashi, akaikung'uta, akairudisha koponi bila kuandika. "Ana ustaarabu lakini. Angekuwa mwenye nyumba wetu, angekuwa ameshapiga teke mlango."

Mama Ndoo alikifunga tena kichupa kwenye pamba.

"Ijumaa wanalifunga jalada lako," alisema. "Nikamwone daktari?"

Mwanawe aliitazama ile nafasi ya herufi moja.

"Nataka kupona, mama. Kama siyo kupona, basi waandike kwamba huyu mgeni wa ini bado yumo. Nisiwe nachoka halafu naonekana mvivu."

Alhamisi Mama Ndoo alipomaliza zamu alinawa, akabadili kitambaa cha kichwa, akaomba dua fupi kwenye korido, akaingia kwa daktari. Akakiweka kichupa juu ya meza, pembeni ya kalenda.

"Hodi," kikasema kichupa.

"Karibu, keti," akasema daktari na kutazama mlangoni. Kisha akatazama mezani. Kisha akalivuta jalada la mia nne na kumi na saba, akalisoma kwa utulivu, karatasi baada ya karatasi. Alikuwa daktari mzuri. Wagonjwa wake walimpenda.

"Damu ya mwanao ni safi, mama yangu."

"Lakini mgeni wake anabisha, daktari."

"Anabisha, ndiyo, nimemsikia kwa masikio yangu. Lakini kwenye maji hayumo."

"Si kajificha kwenye hii nyekundu?"

"Inawezekana. Tena hata ndani ya ini lenyewe." Akalifunika jalada. "Kumtafuta huko kuna kipimo kingine, nacho hatukiagizi kwa watu waliopona. Nikiandika kwamba huyu mmoja hajapona, itabidi niwaulize na wale kumi. Na taarifa imeshakwenda juu: wamepona mia kwa mia. Wametupongeza kwa barua."

"Mwanangu anachoka sana."

"Sote tunachoka, mama."

Na kweli alikuwa na macho ya mtu aliyechoka. Akamsaidia kukifunga kichupa kwenye pamba, akamfungulia mlango mwenyewe.

Ijumaa saa nne wale kumi na mmoja walisimama foleni kwenye dirisha la masjala, wengine na magongo, wengine wameegemea ukuta. Mama Ndoo alikuwa akipiga deki korido ileile, akiyasukuma maji polepole. Kutoka chini ya mbavu za kulia za kila mmoja palikuwa pakibishwa hodi. Nyingine ilikuwa nzito, nyingine nyembamba, na ya mwalimu wa hesabu ilikohoa kwanza.

"Karibuni, karibuni," karani akasema bila kuinua kichwa. "Mmoja mmoja, jamani, dirisha ni moja." Na muhuri ukawa unashuka: AMEPONA. AMEPONA.

Ikafika zamu ya fundi vibao. Alitazama muhuri ukishuka kwenye jalada lake, akazitazama na herufi zake, maana ni kazi yake.

"Na huyu?" akauliza, akigusa ubavu.

"Huyo ana jalada?"

"Hana."

"Basi akafunguliwe lake."

"Hufunguliwa wapi?"

"Kliniki ya ini."

"Si ndiyo hiyo mnayonitoa?"

"Ndiyo maana nasema asubiri," karani akajibu kwa upole. "Anayefuata."

Fundi vibao akakunja cheti chake mara nne, akakitia mfuko wa shati, akashuka ngazi kwa kutanguliza mguu wenye goti bovu. Mama yake alimtazama mpaka chini, kisha akaendelea na deki, kwa kuwa sehemu aliyosimama ilikuwa imeanza kukauka na alama za viatu.

Baada ya hapo hakuna aliyewatoa damu tena, kwa hiyo vichupa vyao havikuletwa. Kile cha pamba alikipeleka tanurini yeye mwenyewe, kwa kuwa hakuna mahali pengine panapokipokea, akakiaga.

Jumatatu asubuhi mpimaji alimkuta anafunga mfuko. Wote wawili walisimama wakasikiliza.

"Umeona, mama?" akasema. "Kumetulia."

"Ndiyo," akajibu Mama Ndoo, kwa sababu ndani ya ndoo palikuwa kimya kweli, na yeye hakuwa mtu wa kusema uongo.