Kadi Moja kwa Nyumba Moja

Jumanne moja ya mwezi wa Aprili, saa nne asubuhi, Ardis Tollefson aliweka juu ya kaunta ya duka la Ostby karatasi sita za msasa laini, chupa ya mafuta ya kung'arishia mbao na patasi mpya ya nusu inchi. Kisha akatoa kadi ya kijani ya Klabu ya Wakerezaji wa Brekke, ambayo humpa mwenye nayo punguzo la asilimia kumi na tano. Ostby akaisoma mbele, akaisoma na nyuma, ingawa alikuwa anaijua kama anavyoijua kofia yake.

"Hii ni ya Harlan," akasema.

"Najua ni ya Harlan."

"Mwenye kadi lazima awepo, Ardis. Ndivyo tulivyokubaliana na klabu."

Harlan, mume wa Ardis, alikuwa na wiki tatu kaburini. Ostby alikuwa mmoja wa watu sita waliolibeba jeneza, na mkewe ndiye aliyepeleka msibani sinia la tambi za kuoka. Kwa hiyo alilisema hilo kwa upole, macho yake yakiwa kwenye mashine ya risiti. Ardis akalipa bei kamili, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kukereza si kazi ya maneno. Gogo linafungwa kwenye mashine, linazungushwa kwa kasi, na mkono ulioshika patasi ndio unaolitoa bakuli humo ndani. Katika nyumba ya Tollefson mkono huo ulikuwa wa Ardis. Harlan aliendesha basi la shule miaka thelathini na alikuwa akiiogopa ile mashine waziwazi. Ikiwashwa tu, yeye hutoka kwenda kutazama nyanya zake. Klabu ilipoanzishwa mwaka 1971 wanaume waliteremka ukumbi wa chini ya kanisa, wanawake wakabaki juu wakishona mablanketi. Hakuna aliyemkataza Ardis kuteremka, na hakuna aliyemkaribisha. Harlan akajiandikisha yeye, kwa ajili ya punguzo tu, kwa sababu mkewe alikuwa anamaliza mbao kama mchwa.

Ila klabu ina desturi yake. Kila Jumamosi ya pili ya mwezi, saa tatu asubuhi, mwanachama huweka kazi yake juu ya meza ndefu na kusema mawili matatu. Siku ya kwanza Harlan alikwenda na bakuli la mkewe akiwa amejiandaa kusema ni la mkewe. Kabla hajafungua mdomo watu watano walikuwa wameshampigapiga bega, na maneno yakamkwama. Mwezi uliofuata yakamkwama tena, safari hii kwa urahisi zaidi. Yakapita miaka ishirini na miwili na mabakuli zaidi ya mia, na chini ya kila moja jina la H. Tollefson limeunguzwa kwa kalamu ya moto. Aliyeliunguza ni Ardis, maana mwandiko wa Harlan ulikuwa hausomeki.

Sasa Ardis alikuwa na miaka sitini na minane na vidole vyake vilikuwa vinavimba. Daktari alimwambia ana msimu mmoja wa kazi, labda miwili. Kule gereji alikuwa na nundu ya mti wa jozi aliyoikausha miaka minne, kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe, yenye michirizi ambayo huipati mara mbili maishani. Alitaka atoe humo bakuli jembamba kiasi cha mwanga kupenya, alipeleke kwenye maonyesho ya wakerezaji katika mji wa Duluth mwezi wa Oktoba, na chini yake liandikwe jina lake yeye. Maonyesho hayapokei kazi ya mtu asiye na kadi ya klabu. Basi Ardis alitaka kadi.

Alikwenda kwa Duane Kvamme, katibu, mtu mwema ambaye theluji ikianguka huzoa njia za majirani zake wote kabla ya kuzoa yake. Duane akatoa kitabu cha sheria. Sheria ni kadi moja kwa nyumba moja, kwa kuwa zamani kuna familia ilichukua kadi tisa na Ostby akakaribia kufunga duka. Ila mwanachama akifariki, kadi yaweza kuhamia kwa mwenzake wa nyumbani, mradi naye awe mkerezaji.

"Mimi ni mkerezaji," Ardis akasema. "Yale mabakuli yote ni yangu, Duane. Harlan hajakereza hata mpini wa jembe."

Duane akakoroga kahawa yake kwa muda mrefu, na haikuwa na sukari.

"Huzuni humjia kila mtu kwa njia yake, Bi Ardis," akasema.

Ardis hakubishana. Alivaa aproni yake, akaenda gereji ya Duane, akawakerezea yeye na wenzake watatu bakuli zima kwa dakika arobaini, wao wakiwa wamekaa kwenye ndoo. Walilipokezana, wakalipitisha kidole. Mmoja akamwambia kwa dhati kabisa kwamba Harlan alimfundisha vizuri. Ombi lake lingesomwa kikao cha Mei.

Jumapili baada ya ibada Ardis alipita makaburini, akamwambia Harlan kwamba itabidi aje aseme mwenyewe. Alimwambia kwa ukali kidogo, kwa kuwa kosa lilikuwa lake.

Harlan akaja. Jumamosi ya pili ya Mei, saa tatu kasoro dakika tano, aliteremka ngazi za ukumbi akiwa na suti ya kuzikiwa, udongo mabegani, na shingo imeinama upande mmoja kama alivyolazwa. Duane alimwekea alama ya mahudhurio. Mtu alimsogezea kiti chake cha siku zote, mwingine akamtilia kahawa, naye akakishika kikombe kwa mikono miwili bila kunywa. Walimuuliza kulikoni huko. Akasema ni kimya, ila unyevu umezidi. Wakakubaliana kwamba majira haya ya kuchipua yamekuwa na unyevu kila mahali.

Duane akaeleza, kwa masikitiko, kwamba ombi la Bi Ardis haliwezi kusomwa tena, kwani mwanachama husika yupo kikaoni na ada yake imelipwa hadi Desemba.

"Ndiyo hilo lililonileta," Harlan akasema, akasimama mbele ya meza. "Sikilizeni. Haya mabakuli si yangu. Halijawahi kuwa langu hata moja. Ni ya Ardis. Mimi hata swichi ya ile mashine sijui iko wapi. Niliwadanganya kwa sababu nilipenda mlivyokuwa mnanipigapiga bega."

Hapa lazima nieleze jambo moja kuhusu sisi watu wa Brekke. Kwetu mtu hajisifu. Ukisifiwa bakuli lako unajibu kwamba si baya sana, na ukisifiwa zaidi unasema bahati ilikuwa upande wako. Aliyewahi kusema "Ndiyo, ni zuri, nimelifanya mimi" alihamia Chicago, na hatujamuulizia. Kadiri mtu anavyoikana kazi yake ndivyo tunavyomheshimu. Na hapa alikuwa amesimama mtu aliyetoka kaburini, mwendo wa maili mbili, kuja kuyakana mabakuli mia.

Watu wazima walitoa leso. "Huyo ndiye Harlan," mmoja akasema kwa sauti iliyokatika, "hakubadilika." Wakampigapiga bega, udongo ukapukutika kwenye zulia la kanisa. Mimi nami nilimpigapiga bega. Ardis, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na birika la kahawa, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba ni kweli, ni yake yote, na wanawake wawili waliokuja na keki wakamtazama kwa huruma, kisha wakayageuza macho dirishani. Kwenye kumbukumbu za kikao Duane aliandika: H. Tollefson alionyesha bakuli moja, kazi nzuri sana.

Harlan hakukata tamaa. Mwezi wa Juni alisema tena, Julai akasema kwa kupiga meza. Agosti aliomba awashiwe mashine mbele ya wote ili waone kwa macho yao. Alishika patasi kama mwiko wa uji, akaichomeka kwenye gogo linalozunguka, gogo likachomoka, likapasua taa na kutua kwenye sinia la keki. Kisha Duane akamshukuru mzee Harlan kwa kuwakumbusha wanachama, bila kujali hadhi yake, umuhimu wa kufunga gogo sawasawa. Iliandikwa kama somo la usalama.

Faida ilikuwa moja. Kila baada ya kikao, kabla ya kurudi makaburini, Harlan alifuatana na mkewe hadi kwa Ostby, akaweka kadi juu ya kaunta. Ostby aliitazama, akamtazama mwenyewe, akatoa asilimia kumi na tano, kisha akafagia udongo. Ardis alitia vitu vyake mfukoni, akatangulia kutoka. Harlan aliniambia siku moja pale nje ya duka kwamba aliishi na mkewe miaka arobaini na tatu na hakuwahi kumwona amekasirika hivyo. Alisema anaona aibu, na kwamba aibu haiishii kaburini, watu wasidanganyane.

Bakuli la nundu ya jozi lilikamilika wiki ya mwisho ya Septemba. Vidole vya Ardis vilikuwa vimevimba kiasi kwamba patasi ilimbidi aifunge kwenye kiganja kwa kitambaa. Lilipowekwa dirishani, jua lilipita ndani yake likawa rangi ya asali, na michirizi yote ikaonekana. Ardis alilitazama akalia, kwa sababu lilikuwa kama alivyolitaka, na kwa sababu alijua hatakereza jingine kubwa. Akaligeuza, akaunguza chini yake: Ardis Tollefson. Kisha akalituma Duluth pamoja na namba ya kadi ya Harlan, kwa kuwa nyumba haikuwa na nyingine.

Maonyesho yalilirudisha kwa posta baada ya siku nne. Barua ilikuwa ya adabu: jina la chini ya bakuli halilingani na jina la kadi, huenda limeandikwa kimakosa, tafadhali rekebisheni kabla ya Jumatatu. Harlan alikuwa amekaa jikoni barua iliposomwa, maana ilikuwa Jumamosi ya pili.

"Usilipeleke," akamwambia. "Liweke hapa nyumbani, liwe lako."

"Nani atakayeliona hapa nyumbani, Harlan? Wewe?"

Harlan akainamia mikono yake. Ardis akachukua msasa, ule wa bei ya punguzo, akakaa karibu na dirisha na kusugua jina lake hadi likaisha. Ilimchukua dakika kumi na mbili, kwa kuwa chini mbao ilikuwa nyembamba na hakutaka kuitoboa. Kisha akapasha moto kalamu na kuandika jina la mumewe kwa mwandiko wake mzuri.

Kule Duluth bakuli lilipewa utepe wa buluu, wa mshindi wa kwanza. Watu walipanga foleni kulitazama mwanga ukipita, na Ardis alisimama pembeni siku nzima, akiwasikia wakishusha sauti kila walipolifikia. Alisema baadaye kwamba siku ile ilikuwa nzuri, na hakusema kwa kejeli.

Kikao cha Desemba ada ya Harlan ilikuwa inakwisha, naye aliteremka ngazi akiwa na barua ya kujiuzulu aliyoandikiwa na mkewe. Hilo walilipanga wote wawili: akitoka yeye, nafasi ya nyumba inabaki wazi. Duane akaisoma kwa sauti, akaipeleka kwenye kura, kama sheria inavyotaka. Wanachama thelathini na mmoja waliikataa. Aliyeikubali ni Harlan peke yake. Tena, kwa ajili ya utepe na kwa ajili ya unyenyekevu wake, tuliamua apewe kadi isiyo na tarehe ya mwisho, ambayo haijawahi kutolewa kwa mtu. Tulisimama tukapiga makofi. Harlan alijaribu kusema kitu, hakusikika.

Ardis aliichukua ile kadi mpya, akaigeuza, akamuuliza Duane nafasi ya nyumba yao itakuwa wazi lini. Duane naye akaigeuza. Akasema kwa kweli haijaandikwa.

Januari Harlan hakuja. Mkewe alikuwa amemwambia apumzike, huenda watamsahau. Duane alimwandika kuwa ana udhuru. Februari hakuja tena, na watu wakaanza kuingiwa na wasiwasi. Mmoja akakumbusha kwamba alipoonekana mara ya mwisho rangi yake haikuwa nzuri. Tukanunua kadi kubwa yenye picha ya maua, ya kumtakia afya njema, ikazungushwa ukumbini na kila mwanachama akatia sahihi.

Ilipomfikia Ardis pale kwenye birika, Duane alimwonyesha kwa kidole nafasi ndogo waliyomwachia chini kabisa, akamwambia familia nayo iandike. Ardis akakaza kalamu kati ya vidole vyake vilivyovimba, akaandika jina lake kamili. Duane alilisoma, akamsifu mwandiko, akaitia kadi ndani ya bahasha na kumpa yeye aipeleke makaburini, kwa kuwa ilikuwa njiani kwake.