Folda Iitwayo Takataka

4.

Tik. Tik. Tik.

Mwanajaa alidhani ni mjusi. Akamrushia kandambili mjusi asiyekuwapo, kisha akatega sikio na kugundua kwamba mlio unatoka tumboni mwa laptopu yake.

Wenzake waliofiwa na mama zao wamebaki na kanga. Yeye kanga zote aligawa baada ya arobaini, kama desturi, akabaki na sauti. Sauti yote ya Bi Saumu, mama yake, imo humo ndani.

5. TANGAZO
(limebandikwa duka la kompyuta, Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga)

Wateja wanajulishwa kwamba diski iliyo ndani ya muda wa dhamana itabadilishwa bure. Diski mbovu huwa mali ya kampuni, na itapelekwa Dar es Salaam kuteketezwa. Mteja atakayeichukua, dhamana yake imekoma. Kuhamisha mafaili ni hisani ya fundi, wala si haki ya mteja.

6.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Inalia hii.

Fundi Mashaka akaiweka sikioni, akatikisa kichwa.

— Diski imechoka. Dhamana bado unayo, kwa hiyo mpya utapata. Ila hii ya zamani ina pumzi chache. Nitatoa vya maana tu.

— Vya maana, kaka’angu. Ndivyo ninavyovitaka.

Wakaelewana kabisa. Hapo ndipo balaa lilipoingilia.

6, tena.

Kikaratasi kilichorudi na laptopu, kwa mwandiko wa fundi:

Vimehamishwa: vyeti, picha za harusi, barua za kazi, mchezo wa karata.
Imeachwa: folda moja, «Takataka».

7.

Imeachwa.

8.

Wewe unayesoma, usiwacheke upesi. Sikiliza kwanza jina lenyewe.

Bi Saumu alizika watoto kabla ya huyu. Huyu alipozaliwa, wanawake wakamlaza jaani, pembeni ya majivu na maganda ya mihogo. Jirani akapita na ufagio wake, akasema kwa sauti ili wasikie walio hai na wasio hai: «Nimeokota taka. Nani anaitaka?» Mama akasema anaitaka. Kifo hakihangaiki na taka, kikapita zake. Mtoto akaitwa Mwanajaa, akakua, akanenepa, akasoma.

Miaka ikaenda. Siku alipoanza kumrekodi mama yake jikoni, Bi Saumu akakitazama kidude cha kurekodia kwa shaka.

— Na hayo maneno yangu usiyape jina zuri, mwanangu. Kizuri huonwa.

Basi akayaita Takataka. Na ndani yake: Uchafu. Makombo. Makapi. Hakuna jicho lililoyagusa.

Ila fundi mwema, mwenye haraka

9.

Alivyovikumbuka njiani, akirudi dukani nusu anakimbia:

mama akimgombeza paka kwa jina la muuza mkaa;

mama akieleza mkate wa kumimina, na kipimo ni «mpaka roho yako itulie»;

mama akicheka mpaka anakohoa, na Mwanajaa akimwambia «mama, kunywa maji», kwa sauti ya mtu mwenye mama, sauti ambayo hajaisikia tena kinywani mwake tangu mazishi.

Alimkumbuka. Jamani, alimkumbuka mno.

10.

Diski ilikuwa tayari ndani ya gunia la kwenda Dar.

— Lakini imeandikwa takataka, dada. Ningejuaje?

— Na mimi naitwa Mwanajaa. Ungenitupa?

Fundi akauangalia mlango wa ofisi ya bosi, uliofungwa, kisha akauangalia mkono wake mwenyewe.

— Mimi ndugu zangu wawili walitangulia, akasema taratibu. Ndiyo maana nikaitwa Mashaka. Nami nimelisoma jina la ile folda nikaipita.

Akafungua gunia.

— Ukiichukua, diski mpya naichomoa. Dhamana basi.

— Chomoa.

13.

(Kumi na moja na kumi na mbili hazisomeki.)

— Haitatoa yote. Chagua faili moja.

Mwanajaa akachagua Makapi, kwa kuwa ndiyo ya mwisho waliyorekodi. Maneno yaliyomo hakuyakumbuka hata moja. Siku ile alikuwa akisikiliza nusunusu, akili ikiwa kwenye simu.

Wakavaa kila mtu kisikilizio kimoja.

Kwaru, kwaru. Mbuzi ya nazi.

«Umeshakiwasha?»

«Tayari, mama.»

«Iweke chini hiyo simu. Kuna jambo nataka ulijue kabla sijafa. Sikiliza, mwanangu, maana mimi nikishasema sirudi

 

tik

 

14.

— Imegoma, fundi akasema.

— Hajamaliza. Anasema *sirudii*. Imebaki *i* moja.

— Dada. Nikiiwasha tena inaweza kufa moja kwa moja. Ukikaa nayo hivihivi, pengine siku moja utapata mtu mwenye mitambo mikubwa, akaitoa yote. Pengine.

Mwanajaa alikuwa akilia wazi, machozi yakidondoka mezani kati ya skrubu. Alijiona tena amekaa jikoni pale, nazi inakunwa, mama anaongea, na yeye hasikilizi.

Akakikandamiza kisikilizio sikioni kwa viganja vyote viwili.

— Washa.