Masufuria ya Malkia

Mimi ni muongo kwa kazi. Sijisifu, waulize watu wazima wa Kikwajuni. Enzi za vibanda vya video, kabla kila mtu hajawa na simu ya kuangalia sinema kitandani, mimi Sabri ndiye nliyekuwa nakaa ubavuni mwa televisheni na kipaza sauti, natafsiri. Filamu za Kizungu, za Kihindi, za Kichina, zote nlitafsiri, na Kiingereza changu ni cha kuombea maji tu. Kichina ndiyo usiniulize kabisa. Nkiona mtu kafungua mdomo, namtilia maneno. Adui mkubwa wa kila filamu nlimwita Muhiddin, jina la mwenye nyumba wangu, na kibanda kizima kikiangua kicheko.

Nliyoipenda kuliko zote ni filamu ya Malkia. Ina jina lake refu la Kizungu, lakini sisi tukiiita Malkia tu. Mna majoka, mna watu wafupi wenye mashoka, mna majeshi yanayojaa bonde mpaka huoni majani. Mwishoni Malkia anasimama juu ya daraja la kamba, joka linamjia, na nyuma yake watu wake wanakimbia na mwanawe mdogo. Anazikata kamba. Anaanguka yeye na joka lake, basi, kafa. Kisha watu wanaingiza masufuria makubwa ngomeni kupikia msiba, na yule mtoto anapanda juu ya ukuta, anaangalia njia. Wanaume wazima, mahamali wa Darajani, walilia sehemu hiyo. Na mimi nlilia, kipaza sauti mkononi.

Sasa sikiliza ujinga wangu.

Miaka mitano iliyopita dada yangu Mardhiya alikwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani, akaniachia mwanawe Yusra, wa miaka minne. Mume alishamwacha zamani. Wiki ya kwanza mtoto hali, halali, anamlilia mamake. Nkaona nimtilie filamu ya Malkia, labda majoka yatamsahaulisha. Yakamsahaulisha kweli, mpaka tulipofika kwenye lile daraja. Akanishika mkono, akaniuliza, "Mjomba, mama yake kaenda wapi?"

Wewe ungemwambiaje? Mtoto wa miaka minne, na mamake kapanda ndege Jumatatu! Nkamwambia, "Kasafiri. Kaenda kufanya kazi nchi ya chini, atarudi." Na masufuria yalipotokea, ulimi ukanichukua: "Unaona? Wanampikia pilau. Ukiona masufuria makubwa yanaingia mlangoni, ujue Malkia yuko njiani anarudi." Mtoto akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Akala wali wake wote. Nami nkajiona hodari.

Tangu siku ile, kila Alhamisi baada ya alasiri, chuo cha Kurani kikiwa kimefungwa, tunaangalia Malkia. Miaka mitano! Yusra anazijua tafsiri zangu kwa moyo, nkikosea neno ananisahihisha. Mamake akipiga simu, swali lake lilikuwa moja: "Mama, tutoe masufuria?" Mardhiya akicheka. "Bado mwanangu. Mwakani, inshallah." Mwaka ukifika, inakuwa mwakani tena.

Alhamisi iliyopita, saa tatu za asubuhi, nko kwenye meza yangu ya misumari na makufuli pale Darajani, simu ikalia. Alikuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akifanya kazi na Mardhiya. Homa, akasema, siku tatu tu. Wameshamzika huko huko, jana. Akasema pole mara nne, kisha salio likamwishia.

Nkampigia mama yetu, Bi Mwatum, yuko Kizimkazi. Alivyolia sitaki kusema. Aliponyamaza akapanga mambo: khitma ya kumsomea marehemu Ijumaa, nyumbani kwangu, yeye na kina mama wenzake watafika asubuhi.

"Na mtoto?" akaniuliza. "Nije nimwambie mimi?"

"Ntamwambia mwenyewe, mama."

"Basi leo, Sabri. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nisije nkamkuta mtoto hana habari."

"Leo, mama. Wallahi leo."

Mtu mwengine nliyemwambia ni jirani yangu Bi Mashavu. Akasema atashughulikia masufuria ya kukodi na majamvi, na mdomo wake ataufunga. Akaufunga, Mungu ambariki, ingawa kwa Bi Mashavu hiyo ni kazi ngumu kuliko kupika.

Kilichobaki ni mimi kufungua wangu. Lakini mazoea yana taabu. Mimi mtu wa kusemea filamu, sijui kusema maneno yangu mwenyewe, nkaona bora filamu inisaidie. Leo, nkajiambia, ntatafsiri kweli tupu. Malkia afe, mtoto amlilie Malkia kwanza, na machozi yakishafunguka ndiyo nimwambie la mamake. Nliiona ni busara. Busara gani, upumbavu mtupu!

Tukakaa juu ya mkeka kama kawaida, yeye na bakuli lake la karanga. Saa mbili nzima nlitafsiri vizuri. Muhiddin akatukanwa, watu wafupi wakatia mzaha wao, Yusra akacheka mpaka karanga zikampalia. Likafika daraja. Malkia akapandisha upanga, akazikata kamba, akaanguka.

"Malkia kafa," nkasema.

Yusra akageuka. "Nini?"

"Kafa, Yusra. Kaanguka na joka, kafa. Harudi tena."

Akanitazama kidogo, kisha akaangua kicheko, akanipiga na mto. "Muongo! Mjomba we, ushazeeka, ushasahau! Hebu nipishe." Akachukua rimoti, akaishika mdomoni kama kipaza sauti, akasema kwa sauti yangu, na kikohozi changu akakitia: "Malkia kasafiri! Kaenda kufanya kazi nchi ya chini, atarudi!"

"Yusra, nisikilize mwanangu."

"Shhh! Masufuria hayo yanakuja."

Nkanyamaza. Ndiyo, nlinyamaza, na kwa hilo ntaulizwa siku ya kiyama. Nkajiambia baada ya magharibi. Baada ya magharibi akaleta hesabu zake za skuli nimsaidie. Nkasema baada ya isha, na baada ya isha akalala. Nlimuonea huruma kumwamsha. Na tusidanganyane, nlijionea huruma mwenyewe.

Ijumaa asubuhi nkamzuia asiende skuli. Nkamtilia chai, nkamkatia mkate wa ufuta, nkakaa mbele yake. "Yusra mwanangu," nkaanza, "kuna jambo."

"Hodi!"

Alikuwa hamali na mkokoteni wake, yeye na mwenzake. Wakashusha sufuria la kwanza, lile la kubebwa na watu wawili, tako jeusi kwa masizi, wakaliingiza mlangoni. Wakarudi kuchukua la pili, kisha la tatu. Kwetu masufuria ya harusi na ya khitma ni hayo hayo, mtu anajua kilichopo kwa kuambiwa. Na aliyetakiwa kuambiwa alikuwa amesimama na kikombe cha chai mkononi, macho yamemtoka.

"Ndiyo maana hukunipeleka skuli," akasema taratibu.

"Yusra, ngoja."

Hakungoja. Akapiga kigelegele, kirefu, kama mwanamke mzima, nyumba ikaitika. Hamali mmoja akatabasamu, masikini, alidhani ni harusi. Mtoto akakimbilia chumbani, na aliporudi alikuwa amevaa gauni jekundu, lile mamake alilomletea Idd ya mwaka juzi. Lilikuwa likimbana makwapani.

Kabla sijamshika mkono, kina mama wa Kizimkazi wakatokea mlangoni na mabuibui yao, Bi Mwatum mbele.

"Shikamoo Bibi!" Yusra akamrukia. "Mama anafika saa ngapi?"

Kina mama wote wakasimama pale pale. Bi Mwatum akaliangalia lile gauni, akaniangalia mimi. Mama yangu hajapata kunitukana maishani mwangu, na siku hiyo ningeshukuru angenitukana. "Hujamwambia," akasema.

Njia ya muongo fupi, ndivyo wanavyosema. Yangu nliitembea miaka mitano, ikaishia mlangoni kwangu, mbele ya watu. Nkapiga magoti, nkamshika Yusra mabega. Sikuwa na kipaza sauti, sikuwa na Malkia. Nlikuwa na maneno yangu tu, na nataka kuamini nliyasema vizuri.

"Mama yako amefariki, Yusra. Harudi tena."

Akanichunguza uso, akiutafuta mzaha. Nlikuwa nalia, lakini kwenye Malkia pia huwa nalia. Akaupata alioutaka.

"Jana pia ulisema hivyo hivyo," akasema, akanipiga begani kidogo. "Muongo we!"

"Ni kweli, mjukuu wangu," Bi Mwatum akasema, machozi yanamchuruzika. "Mama yako katangulia."

Yusra akamtazama bibi yake, akanitazama mimi, na kicheko kikaanza kumtetemeka mdomoni. "Na Bibi pia umemfundisha?"

Akajitoa mikononi mwangu. Akatoka nje, akapanda juu ya baraza, akasimama wima na gauni lake jekundu, akaangalia njia. Nkamfuata kumshusha, akausukuma mkono wangu. Ndani wakaanza kusoma Yasini, na Bi Mashavu akawasha moto.

Pilau ikaiva saa saba. Nkampelekea sahani yake pale pale barazani. Akaifunika na kawa, akaniambia bado, anamngoja mama yake wale pamoja.