Uji Aliokatazwa Wayua

Kasiva, mpishi wa hoteli moja Mtito Andei, alipofika kwao Kabati alimkuta mama yake, Wayua, amebaki mifupa. Uvimbe wa titi, ambao Kasiva aliujua, ulikuwa pale pale, na mwingine ulikuwa umeota kwapani.

"Mwaitu, mama yangu, kwani huli?"

"Muthama alinikataza. Alisema saratani inakula sukari, basi tuinyime. Nisiguse uji, ugali wala embe. Hospitali pia niache."

Muthama aliuza mitishamba sokoni. Kasiva alimeza hasira, akampeleka mama hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari Najma alimpima, akasikiliza kisa chote.

"Mwanzo wake ni kweli," alisema. "Seli za saratani zinabugia sukari kupita kiasi, tena zinaichoma ovyo ovyo. Zinatoa asidi, na hiyo asidi inaharibu nyama ya jirani mpaka seli zinapata njia ya kuhama. Ndiyo sababu moja ya saratani kuenea. Lakini mama, ukiacha kula, mwili unatengeneza sukari wenyewe, hata kwa kumomonyoa misuli yako. Uvimbe unashiba, wewe unakufa njaa."

Wayua aliinamisha kichwa. "Na mwaka huu miembe ilizaa sana," alisema polepole.

Kasiva alitoka nje akalia.

Kesho yake alimfuata Muthama kwenye duka lake pale sokoni. Wanawake wawili walikuwa kwenye benchi wakingoja dawa.

"Wewe ndiye ulimwambia mama yangu asile?"

"Punguza sauti, dada. Hayo mambo ya sukari hata madaktari wanayajua."

"Wanayajua yote! Wewe ulichukua nusu ya ukweli ukammaliza nguvu nayo!"

"Labda imani yake ilikuwa ndogo."

"Imani?" Kasiva alimsogelea. "Alikutii akilala njaa, jikoni kumejaa chakula! Ungetaka imani gani tena?"

Muthama alijifanya kupanga chupa. Mwanamke mmoja kwenye benchi aliinuka, mkono kifuani. "Mimi pia aliniambia niache kula," alisema. "Huyo daktari yuko hospitali gani?"

Kasiva alimshika mkono wakatoka pamoja.

Wayua alikubaliwa kuanza matibabu, lakini si mara moja. Alikuwa dhaifu mno, dawa zingemwangusha. Ilibidi kwanza alishwe wiki kadhaa, na uvimbe haukumngoja. Wiki hizo ndizo Kasiva hajaweza kumsamehe Muthama mpaka leo.